Kidau Chekundu cha Makupa

Makupa, mimi karani
wa polisi kisiwani,
vidau pacha mezani
na mbele yangu daftari.

Cheusi cha kuandika
zamu, majina, na mwaka;
chekundu cha kutundika
makosa ya maaskari.

Na sheria ya zamani:
miaka mitatu ndani,
bila doa kitabuni,
ulipwe kwa kusubiri.

Si hongo wala zawadi,
ni shilingi za miadi,
mbili tu, hazitozidi,
za chai na za sukari.

Konstebo Beja Mwangala
kwenye zamu hakulala,
hatoki pake mahala
mpaka ije fajiri.

Ikabaki siku mbili,
motokaa ya wakili
ikamgonga hamali,
Mwembe Tayari, dhuhuri.

Beja hakufanya hofu,
kamshika mtukufu;
ikaja barua ndefu
ya lawama na kiburi.

Nikaambiwa: "Andika:
askari kavuka mpaka."
Mitatu yote miaka
ikafutwa kwa mstari.

Chirima wa usingizi,
asiyefukuza mwizi,
ukurasa wake wazi,
akalipwa kwa fahari.

Kisha akaja mgeni,
miwani iko puani,
akauliza: "Kwa nini
wavivu ndio hodari?"

Nikatazama vidau,
neno moja angalau
sikusema; si dharau,
karani hana shauri.

Kanuni ikageuka:
thumuni kwa kila mwaka,
kosa moja likizuka
halifuti yote heri.

Na mwenye kushika mwizi
atatuzwa kila mwezi.
Chirima wa usingizi
akaamka tayari!

Muuza kahawa ndani,
na mtoto wa sokoni,
na kikongwe wa Bondeni:
"Nilipwe! Hawa hatari!"

Beja hakurudishiwa
mitatu iliyoliwa.
"Yamepita," kaambiwa,
"hatulipi za dahari."

Akaja kwangu mezani:
"Wino huu bei gani?"
"Senti kumi, madukani."
Akaguna: "Si kathiri."

Usiku nilibakia,
cheusi nikamwagia,
jina tu nikaachia,
nikauzika mstari.

Na kosa langu mwenyewe
(sasa ndipo mulijuwe,
lolote liwalo liwe)
halimo kwenye daftari.