Kovu Katikati

Miaka kumi na tisa nimewatafuta
katika damu ya watu wa Ahero:
vidole vya watoto wa mashamba ya mpunga,
visigino vya wachanga,
tone moja juu ya kioo, rangi ya zambarau,
dakika kumi, suuza, anika.
Jicho la kulia kwenye hadubini, la kushoto wazi,
maana fundi wa kweli hafumbi.

Nawajua. Huja kama pete
yenye kito kimoja chekundu.
Nimewahesabu hadi kidole gumba kikaota sugu,
nikaandika: wapo. Nikaandika: hawapo.
Mama akaketi tena, au akajifunga leso, aende,
kwa neno langu hilo.

Jumanne moja, masika,
nikaona nzi ndani ya kioo.
Nikapangusa lenzi. Nikabadilisha kioo.
Nikafoka: nani kagusa hadubini yangu?
Onditi akainama, akachungulia.
"Mideva, mbona ni safi."
Nikatazama ukuta; nzi akanifuata ukutani.
Nikatazama ubao wa bei za vipimo;
akatua juu ya bei.

Kisumu, Daktari Nyawade alinitia matone
hadi mboni ikaachama kama mlango wa nyumba yenye msiba.
Akamulika. Akanyamaza.
Kimya kile nakijua,
nami nimewahi kuwakalia wengine.
"Kimelea," akasema. "Kimekaa kwenye retina,
pale pale katikati, unaposomea."
Akataja nyama isiyoiva, udongo wa bustani,
kinyesi cha paka.
Nikacheka hadi nesi akafungua pazia.

Paka wetu wa zahanati jina lake Karani.
Kazi yake panya, mshahara wake maziwa,
na usiku hulala juu ya kiti changu.
Lakini huenda si yeye.
Huenda ni mishikaki ile ya stendi,
nje nyeusi, ndani mbichi,
niliyokula nimesimama siku ya mshahara.
Huenda nilizaliwa naye,
mama akilima Chavakali, mimi tumboni.
Mdudu hatii sahihi kwenye kitabu cha wageni.

Vidonge vinene, wiki sita, mdomo mchungu.
Moto ukazimika, kovu likabaki.
"Amekufa?"
"Amelala," daktari akasema,
akaandika tarehe ya kurudi.

Sasa nikikutazama usoni
naona masikio mawili na kola ya shati.
Saa ya ukutani ina namba zote, haina mishale.
Nikitaka kukuona, sharti nitazame bega lako,
nawe utadhani nakudharau,
au nakudanganya.

Lakini hilo si baya zaidi.
Baya ni kwamba shimo halionekani kuwa shimo.
Ubongo ni mshonaji mwenye haya:
penye tundu hutia kiraka cha kitambaa kile kile.
Ukutani hutia ukuta.
Angani hutia anga.
Na juu ya kioo cha mtoto wa akina Ogweno,
aliyeletwa mgongoni akitetemeka,
ulitia damu safi,
nami nikaandika: hawapo.

Onditi alirudia kile kioo bila kuniambia.
Akaleta daftari, akaweka kidole chini ya mstari,
hakusema kitu.
Mama alikuwa keshafika darajani.
Nilimkimbilia na viatu vya maabara,
nikimwita huku nikitazama kando yake
ili nimwone.

Tangu siku hiyo natumia la kushoto.
Ni jicho la miaka arobaini na nne
lililoanza shule juzi,
linachoka mapema, linalia machozi ya bure.
Kila kioo changu Onditi hurudia,
nami nimeacha kuona aibu, karibu.
La kulia naliacha wazi.
Jioni Karani huja kudai maziwa yake.
Nikimtazama, hayupo.
Nikitazama ndoo, yupo.