Nani Ataonja Kwanza

Januari i ukingoni. Theluji imeziba dirisha la bweni.
Wislande anakata boga kwa kisu cha kuazima;
siku yenyewe chuo kilifungwa, uhuru ukangoja ukumbi:
Ijumaa, saa moja hadi saa tatu.

King'ora cha moshi kinalia. Fritznel anakipepea kwa bendera.
"Hiyo si tambara!"
"Basi nipe taulo!"

Kwenye simu iliyoegemezwa kopo la chumvi
bibi anauliza kwa Kikreyoli nani ataonja kwanza.

Waliopika supu hii zamani hawakuruhusiwa kulamba hata mwiko.

Ukumbini ngoma imeshaanza, mkuu wa kitivo kavaa tai nyekundu.
Wislande anafunga mlango wa jiko,
analamba mwiko
taratibu,
kisha anaugeuza.