Herufi Saba

Bi Hester Ogden, mtaa wa Bankfoot, Halifax,
ameshika penseli juu ya chemshabongo ya Jumamosi:
Mtu akiudhika hulichukua. Herufi saba.
Haandiki. Analijua.

Umbrage.
Neno la Kilatini lililopitia Ufaransa likaja na mvua,
na mwanzoni lilikuwa kivuli tu,
kivuli cha majani, pa kukaa jua likizidi.
Si kwamba Halifax jua limewahi kuzidi.

Kwa lugha yangu hasira hupanda yenyewe,
humshika mtu kama homa, ikichoka humwachia.
Kinyongo tunakiweka, kama akiba.
Kwa lugha yake unaletewa kwenye sinia
na wewe, kwa mkono wako, unachukua,
au unasema asante, nimeshiba.

Hester alichukua siku ya maonyesho ya mboga.
Clifford Sugden, jirani wa ukuta mmoja,
alizitazama karoti zake pale mezani:
"Hizi za kuchokonolea meno, Hester?"
Watu wakacheka. Yeye akafunga kapu.
Miaka tisa. Hata maziwa ya Clifford
yalipoachwa kimakosa mlangoni pake
hakuyagusa, yakaganda.

Naye Clifford, kwa kulipiza ama kwa kusahau,
akauachia ua wa misonobari urefuke,
futi kumi, kumi na nane,
hadi kitalu kikawa gizani saa sita mchana,
hadi jikoni taa ikawashwa mwezi wa Juni.
Ndipo karoti zikawa za kuchokonolea meno kweli.

Clifford alikufa Februari.
Leo mwanawe amekuja na msumeno,
mtu wa Leeds, hajui lolote, ana haraka ya kuuza.
Kufikia saa nane miti yote imelala.

Jua likaingia jikoni bila hodi.
Likaonyesha vumbi juu ya redio, ufa wa birika,
karatasi ya ukutani, kumbe ilikuwa na maua,
na mikono ya Hester
iliyozeeka kuliko alivyoiacha.

Nikasema, afadhali, mwanga.
Alikuwa akitazama visiki, kimoja baada ya kingine,
kama mtu anayehesabu chenji.
"Hakuniuliza," akasema. "Angalau angeniuliza."

Akainuka polepole, akateremsha pazia,
akawasha taa, akarudi kitini.
Penseli akaiweka kando.
Akazijaza zile herufi saba
kwa wino.