Mwenye Mikono

Jumamosi ya Julai, saa moja asubuhi.
Theluji imelala juu ya mlima nyuma ya Hobart
na mke wangu anajimwagia maji ya vuguvugu shingoni
ili suti ya mpira ikubali kupita.
Ana miaka hamsini na minane. Wiki nzima
huwachongea meno ya bandia watu asiowajua.
Leo anajifunga risasi kilo kumi na mbili kiunoni,
ananipa pete yake nimshikie.
"Dakika hamsini," asema. "Zikizidi, piga kelele."
Nani asikiaye kelele chini ya maji, Merrin?
Hacheki. Anatemea mate miwani, anaisuuza,
anaingia mto Derwent kinyumenyume
kama mtu aliyesahau kitu nyumbani kwake.

Mimi sijui kuogelea.
Kazi yangu ni thamosi, taulo, na kuhesabu mapovu.
Yakija mawili mawili, ametulia:
amekuta konokono asiye na nyumba,
yule wa zambarau mwenye ncha za dhahabu.
Yakija kwa fujo, amekasirika:
uzi wa ndoana umejisokota kwenye mwani,
anaukata, anautia mfukoni,
na jioni nitaukuta ndani ya sinki
pamoja na vizibo na mguu mmoja wa mwanasesere.

Nyumba yetu imetwaliwa na bahari
polepole, bila kura kupigwa.
Kwanza iliondoka mifuko. Kisha salmoni wa vizimbani,
niliyempenda kwa limau, Mungu anisamehe.
Kisha sweta langu, kwa kuwa kila nikilifua
lilimwaga nyuzi za plastiki zisizoonekana
hadi kinywani mwa kombe.
"Kombe gani?" niliuliza. "Kombe yupi hasa?"
Akanitajia alipo. Kumbe alikuwa naye mmoja anayemfahamu.

Na kwa miaka kumi na moja anamtafuta samaki mmoja,
hazidi kiganja, madoadoa ya kahawia,
asiyejaliwa kuogelea
hivyo hutembea kwa mikono
juu ya matope, taratibu,
kama mtu atafutaye swichi gizani.
Hana haraka. Hana pia pa kuhamia.
"Samaki asiyejua kuogelea," nilimwambia usiku mmoja,
"mbona unaye tayari? Si yule akaaye gatini na thamosi?"
Hapo alicheka, mpaka kitanda kikalalamika.

Leo mapovu yamekuwa haba.
Dakika arobaini na tano.
Moja. Kimya. Moja.
Hamsini.
Hamsini na tatu, nami nagonga nguzo ya gati kwa thamosi,
nagonga, chai inamwagika, shakwe wananishangaa,
nagonga mpaka kizibo kinaruka
na kuanguka mtoni, plastiki nyekundu, kosa langu.

Akaibuka nacho mkononi.

Hakunigombeza. Midomo yake ilikuwa ya buluu.
Alininyooshea kibao chake cha kuandikia
na juu yake mchoro wa penseli, kombo,
kama wa mtoto wa chekechea:
tumbo, jicho, mikono miwili.
"Picha je?"
"Taa ingemuudhi. Alikuwa na mayai,
ameyazungushia mkono. Alinitazama
kama karani anavyomtazama mteja
aliyefika dakika moja kabla ya kufunga."
Kisha akalia, au ni maji ya miwani, sikuuliza.
Nilimrudishia pete. Kidole kilikuwa kimevimba kwa baridi,
ikagoma kuingia, nikaivaa mimi, kidole cha mwisho.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame.
Nilikuwa sijajua kwamba kuna mvungu ulio mto mzima.
Alipokwenda garini kubadilisha nguo
nilichukua miwani yake, nikashuka ngazi ya mwisho ya gati,
nikalala kifudifudi juu ya jiwe lenye utelezi,
nikatumbukiza uso.

Baridi ilinizaba kofi.
Sikuona samaki. Niliona ukijani, vumbi likielea,
na mikono yangu miwili, myeupe, mizee,
ikipapasa jiwe,
ikipiga hatua.