Zamu ya Alhamisi

Studio yetu ilikuwa stoo ya kahawa.
Bado inanuka magunia, hasa mvua ikinyesha.
Ukutani tumebandika trei za mayai,
mia moja arobaini na tatu, nimezihesabu
zile dakika Anande anapoweka kwaya ndefu
na mimi sina kazi ila kungoja wafike kwenye amina.

Mshahara hakuna. Niliambiwa mapema,
siwezi kusema nilidanganywa.
Kuna chai, sukari ikiwepo.
Kuna mkungu wa mshare tunaoukuta mlangoni, hauna jina la mtu.
Na kuna ufunguo mmoja, unalala nyumba saba kwa wiki.

Alhamisi unalala kwangu.
Saa kumi na mbili jioni nafungua daftari:
mbuzi jike, mweusi, sikio la kushoto limechanika,
alionekana mara ya mwisho akishika njia ya Kidia;
ndizi Kiboriloni leo bei imelala;
kliniki ya watoto Jumanne, mje na kadi;
tunasikitika kutangaza kifo cha Ndeonansia,
habari ziwafikie wanawe walioko Tanga
na Elifuraha, popote alipo.

Hapo kwenye popote alipo huwa napunguza mwendo.
Elifuraha aliondoka mwaka kahawa ilipovunjika bei,
na mnara wetu haufiki hata Himo.
Namwita hivyo hivyo.

Kisha maji.
Mfereji mmoja, vihamba vingi.
Zamani walishikiana majembe usiku,
kila mtu na saa yake, kila saa na uongo wake.
Sasa nasoma:
Terewaeli, saa moja hadi saa tano.
Ngalesoni, saa tano hadi jogoo la kwanza.
Likishapita redioni, hakuna tena "mimi sikuambiwa".

Ngalesoni ni kaka yangu, tumbo moja.
Aliwahi kuniomba nusu saa tu,
niteleze ulimi, nani atajua?
Sikuteleza.
Hakunisemesha mpaka Pasaka.

Alhamisi moja ya Oktoba, vumbi hadi kwenye kope,
nilisoma vizuri kuliko siku zote.
Sauti haikukwama, kikohozi kilinionea haya,
hata jogoo wa jirani, mtangazaji wetu wa nane, alinyamaza.
Nusu saa nzima.
Ndipo Aminieli akaingia, bisibisi mdomoni.
Akaitoa.
"Dada, panya amekata waya tangu ulipotoa salamu.
Ulikuwa unaongea na trei za mayai."

Nilicheka.
Halafu nikaacha kucheka.
Nikatia daftari kwapani, nikapanda kilima gizani
nikihesabu Alhamisi za miaka minne,
nikijiuliza ni panya wangapi.

Penye njia panda, tochi usoni.
Mama Aikande, kikombe cha tangawizi kimefunikwa kisahani.
"Umepona?"
"Sikuwa mgonjwa."
"Redio ilikuwa inakoroma tu. Tukasema leo mtoto ana homa.
Kunywa. Halafu uende mferejini, watu wamekaa."

Wamekaa kweli.
Terewaeli upande huu, Ngalesoni upande ule,
majembe yamelazwa kwenye nyasi.
Lango la maji limefungwa, tope lake limekauka,
hakuna aliyeligusa.
Nyuma yao vijana, wake, na mtoto mmoja amelala begani kwa mtu.
Saa mbili kasoro.
Zamu ya Terewaeli ilikuwa inapita
na Terewaeli mwenyewe ameketi.

Kaka yangu akaniangalia, mara ya kwanza bila kinyongo,
au labda ni giza.
"Soma," akasema.

Nikafungua ukurasa wa zamu.
"Aa," akasema Mama Aikande, akanimulikia.
"Anza mwanzo."

Nikaanza na mbuzi.
Mtu mmoja akasema huyo yuko kwake tangu jana.
Nikasoma ndizi, wakaguna.
Nikasoma kliniki.
Nikasoma Ndeonansia, wanaume wakavua kofia,
na nilipofika kwa Elifuraha
nikapunguza mwendo kama kawaida,
nikasikia wenzangu nao wamepunguza pumzi.