Unene wa Mstari

Bwana Stauffer hachovyi mkate kwenye mchuzi.
Huchovya kidole,
akachora juu ya kitambaa cha meza
taratibu, ulimi kaubana pembeni mwa mdomo
kama mtoto wa darasa la kwanza.
Nami humwacha. Zamu ya usiku ni ndefu hapa Frederick,
theluji imeziba barabara ya milimani,
na huko juu, husema, nyuma ya miti,
ndiko walikomwita kiangazi kimoja
yeye na sanduku lake la kalamu.

Hakuwa waziri. Hakuwa mpatanishi.
Alikuwa mkono.
Wakubwa wakikubaliana saa nane za usiku
aliamshwa achore walichokubaliana;
wakikikana asubuhi
alipewa karatasi nyingine.
"Mona," huniambia (Mwanaidi limemshinda),
"nilichora amani kumi na saba.
Kila moja ilikuwa nzuri kuliko iliyopita.
Kahawa tu ndiyo ilikuwa mbaya."

Moja aliihifadhi. Iko chini ya kitanda
ndani ya bomba la bati.

Khulud wa dobi aliiona imetandazwa sakafuni
alipoleta mashuka, mwezi wa pili.
Hakuuliza ni ya nani.
Alipiga magoti kama mtu anayetafuta sindano,
akaweka ukucha kwenye wino mwekundu,
akautembeza, akautembeza,
akasimama.
"Kijiji cha mama yangu."
"Upande upi?" mzee akauliza,
na kwa mara ya kwanza tangu mwaka uanze
macho yake yalikuwa ya mtu aliye kazini.
"Hakuna upande. Chini."

Nikainama. Kweli.
Mstari ule ni milimita mbili kwa unene,
na milimita mbili, mzee alipiga hesabu kwa vidole,
ni mita mia za ardhi.
Katika mita mia huenea kisima,
shule ya vyumba viwili, kinu cha zeituni,
na mwanamke anayeanika nguo
asijue ameanika juu ya nini.
"Kalamu yangu nyembamba iliisha wino," mzee alisema.
Kisha tena, polepole: "Iliisha wino,
na wao walikuwa na haraka."

Hadas, ajaye Jumanne kuufundisha mkono wake kijiko,
alikuwa mlangoni. Sijui alisikia kiasi gani.
"Nililinda hapo," alisema,
hakutuambia sisi, aliiambia ramani.
"Nilikuwa na miaka kumi na tisa.
Palikuwa na kizuizi, na mtini uliotoboa ukuta.
Nikila tini zake."
Khulud akainuka, magoti yakialika.
"Ni wa mjomba," alisema. "Zilikuwa tamu?"
Bomba la joto likagonga ukutani, likagonga tena.
"Tamu sana."

Nilingoja. Nakiri nilingoja
walie, washikane, kama kwenye televisheni.
Khulud alisukuma kapu la mashuka kwa mguu, akatoka.
Kijiko kilishikwa, kikadondoka, kikashikwa.

Kwetu husema wino wa Mungu haufutiki.
Wa binadamu je? Methali yake sijaisikia.
Nimeona karatasi ikigeuka manjano,
nimeona walioitia sahihi wakizikwa kwa mizinga,
na mstari ungali unaamka kabla ya jogoo
kuwadai watu vitambulisho.

Usiku wa leo mchuzi ni wa nyanya.
Amechora tena: pwani, bonde, mto.
Alipofika pale
akainua kidole,
akaacha pengo, upana wa punje ya wali,
kisha akaendelea.
"Wapite," akaniambia.

Nimekivua kitambaa, nimeshuka nacho kwenye mashine.
Khulud akakitandaza mwangani,
akaliona lile pengo,
akalitazama sana, sabuni mkononi.
"Nyanya hutoka," alisema,
"ukiiwahi."