Mpira wa Kupumulia

Sheli ya Uyole, saa kumi na mbili asubuhi,
baridi kali, ufunguo siusikii mkononi.
Tumpale, muuza mafuta, anaingiza bunduki ya pampu:
tak.
Anairudisha nyuma kidogo, anaipindua:
tak.
Shilingi mia tisa. Tak. Elfu moja na mia mbili. Tak.
Nyuma yangu fuso la viazi linapiga honi,
dereva katoa kichwa: "Dada, unanyonyesha?"

"Una hakika halijajaa?" ananiuliza Tumpale
kwa upole wa mtu aliyekwisha kushuku.
Mshale wa geji umelala chini kama mbuzi mgonjwa.
Halijajaa. Halipokei tu.
Linameza kama mwenye donda la koo,
funda, pumziko, funda,
kisha linacheua povu juu ya viatu vyangu.

Pikapu hii ni ya kaka yangu Andongwisye.
Ilikuwa yake. Ulimi bado haujazoea.
Miezi minane ilisimama nyuma ya jiko, Tukuyu,
mvua ikiinyeshea bila likizo,
yeye ndani akihesabu mbao za dari,
sisi tukihesabu vidonge.
Mfuniko wa tangi uliibwa,
tukaziba kwa tambara,
tambara likaoza, nani alikuwa na macho ya kuliona?

Ushauri niliupata wa bure, mwingi:
shusha tangi, lina kutu;
badilisha sheli, pampu zao zina haraka;
na mjomba, akikoroga chai ambayo haina sukari,
"Gari la marehemu hilo. Halijaagwa."

Fundi Lwitiko wa Sae hakufungua hata boneti.
Aliomba chupa tupu, akaweka mrija mpana mdomoni mwake,
akazungushia udongo mbichi, akamimina maji.
Maji yakakaa juu, yakitetemeka.
"Unaona? Ndani si kutupu. Kuna hewa,
na hewa nayo ina mlango wake."
Akatoboa kwa msumari, karibu na bega la chupa.
Maji yakashuka yote kwa mkupuo.

Akalala chali juu ya gunia.
"Mipira ni miwili," sauti ikatoka chini ya gari,
"huu mnene, kila mtu anaujua.
Huu mwembamba ndio wa kupumulia."
Akalegeza kleme, akauchomoa, akapuliza.
Mashavu yakajaa, macho yakamtoka,
mpira kimya.

Akachukua spoki ya baiskeli.
Ukaanza kudondoka udongo mwekundu, mkavu, wa kwetu,
kisha vyungu vidogo vimeshikana,
na ndani ya vyungu buibui waliokauka, miguu imekunjwa.
"Nyigu," akasema. "Huyu hajengi njiani.
Hujenga palipotulia."

Nikavihesabu vyumba kwenye kiganja.
Nilitaka viwe vinane.
Vilikuwa vitano.

Akapuliza tena, na upande wa pili,
pale niliposhika mimi,
pumzi yake ikanigonga kidole, ya moto, ina harufu ya petroli.
Hela alikataa. "Nipe ya soda."

Jioni, Uyole, Tumpale aliweka bunduki akasubiri tak.
Haikuja.
Namba zilikimbia, hewa ikitoka fyuuu pembeni mwa mkono wake,
hewa ya miezi minane nadhani,
nami nimesimama naisikiliza
mpaka nikasahau kusema basi.
Hela ya mbolea imo humo sasa, yote,
na kaka angenicheka hadi akohoe.

Kile kidonge cha udongo nimekifunga kwa risiti,
kipo kwenye droo ya dashibodi.
Nikipita matuta ya Igurusi nakisikia kinagonga.
Chumba kimoja bado kimezibwa.
Sijakifungua.